Geko Wako Hataki Kula? Anza na Joto Kabla ya Chakula

Wiki hii kijana mmoja anayesoma Leeds, Uingereza, ameniandikia: "Shikamoo dada, geko wangu wa madoa ya chui amegoma kula. Nimembadilishia nyenje, mende, funza wa unga, wote anawatazama tu."

Marahaba mdogo wangu. Nyenje waweke pembeni kwanza, pima joto la pale anapojificha.

Nayasema haya kwa sababu ya Madoa, geko wangu mwenyewe, mjusi wa aina hiyo hiyo. Duka lililoniuzia lilinifungashia mfuko wa mchanga na taa nyekundu, muuzaji akaapa kwamba vinatosha. Baridi ya Januari ya huku ughaibuni ilipobana, Madoa akaacha kula. Mkia wake, ambao ndio ghala lake la mafuta, ukasinyaa ukabaki kama kijiti. Nilipompigia mama Tanga nikilia, akaniuliza, "Mwanangu, mjusi kafiri unamlilia?" Lile neno linaniuma hadi leo.

Nikanunua kipimajoto chenye waya, nikakiingiza ndani ya pango lake: nyuzi 24! Huyu asili yake ni nchi kavu ya mawe ya Pakistani, Afghanistani na kaskazini-magharibi mwa India. Jioni hutoka akalaza tumbo kwenye jiwe lililoshika joto la mchana, na joto hilo ndilo linalomsagia chakula. Akiwa na baridi, alichokula kinakaa tumboni bila kusagika, kwa hiyo anagoma. Nikatandika mkeka wa umeme wa kupasha joto chini ya upande mmoja wa tangi, nikauunganisha na thamostati, kifaa cha kudhibiti joto, sakafu ikafika nyuzi 32 hadi 34. Upande wa pili nikauacha na ubaridi wake, akichoka na joto ahamie huko. Mchanga nikautupa wote, maana akiumeza unaweza kumziba utumbo. Nikatandaza karatasi za jikoni.

Jana nimempima: gramu 63, kutoka 41. Mkia umenona, anamvizia nyenje huku ncha ya mkia ikitikisika! Nimefurahi mno, wacha niseme.

Sasa jamani, tusikilizane. Kiumbe huyu hakuomba kufungiwa kwenye kioo. Anaweza kuishi miaka 15, hata 20. Kama moyo huo huna, mwache. Kama unao, nyenje wake wapake unga wa kalsiamu wenye vitamini D3, la sivyo mifupa italainika na miguu itapinda. Mwekee kijumba chenye unyevu cha kujivulia ngozi, kisha mkague vidole kimoja kimoja: ngozi iliyobaki imejiviringisha inakata damu, kidole kinakufa. Na joto, narudia, joto kwanza.

Ukisharekebisha joto na bado anapungua uzito, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia, si yeyote tu wa paka na mbwa. Beba na kinyesi kipya kwenye kichupa, wakipime kama kuna minyoo.