Chombo changu cha anga kimejaa vitu kila kona, mbona kinaonekana kama kichezeo?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mwanza, Blender, ile programu ya kutengeneza maumbo ya 3D kwa kompyuta, nimejifunza mwenyewe kwa video za mtandaoni, sasa huu ni mwezi wa saba niko kwenye kazi moja tu, chombo cha anga cha kivita, cha kubuni kichwani mwangu, nimekipangia urefu wa mita 1200. Nimekijaza mabomba, mizinga, antena, vibati, yaani hamna sehemu tupu. Lakini kila nikirenda picha, yaani kompyuta ikishanitolea picha kamili, washkaji wananiambia ni kama kichezeo cha plastiki. Imeniuma kweli. Niongeze nini? Nimekutumia picha tatu.
Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, miezi saba sio mchezo. Picha nimeziangalia zote tatu, tena nikazikuza mpaka mwisho, na mkono unao, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Ila usiongeze kitu. Kwa sasa unahitaji kupunguza.

Tatizo lako ni kipimo. Jicho la mtu halijui mita 1200 ni nini, jicho linatafuta kitu linachokijua, mlango, dirisha, ngazi, alafu vingine vyote linavipima kwa hicho. Sasa picha yako ya pili, pale mbele kuna mstari wa madirisha, mi nikachukua rula nikapiga hesabu, kama chombo kina mita 1200 basi dirisha moja lina urefu wa mita 14 hivi, hilo ni jengo la ghorofa nne, sasa nani anachungulia kwenye dirisha la hivo? Jicho linaona dirisha, linasema hili ni kama mita 1, papo hapo chombo chako chote kinashuka hadi chini ya mita 100. Bomba nazo ni hivo hivo, moja nimeipima ni nene kuliko basi. Kwa hiyo vitu vyako vingi vyote ni vya saizi moja, na ndo hiyo inaitwa kichezeo.

Nikupe mfano wa watu waliofanya hii kazi kwa mikono kabla kompyuta hazijaweza. Filamu ya Star Wars ya kwanza kabisa, 1977, inaanza na kile chombo kikubwa cha pembetatu kinapita juu ya kichwa cha mtazamaji hakiishi. Kwenye hadithi kina mita 1600, lakini modeli yenyewe iliyopigwa picha haikufika hata mita 1, ilikuwa kama sentimita 91. Piga hesabu hapo, mtu wa kawaida ndani ya modeli ile angekuwa na urefu wa milimita 1! Mafundi wale walikuwa wananunua maboksi ya vichezeo vya kuunga, vifaru, meli za kivita, magari, wanachomoa vipande vidogo vidogo wanavibandika kwenye chombo, na hivo vipande wakaviita gribuli. Wengi wanaishia hapo kwenye hadithi, kwamba siri ni kubandika vitu. Ila angalia walivibandika wapi. Ile pembetatu juu ni bapa, ina mistari myembamba tu ya mabati yaliyoungana, vitu vimejazana kwenye ule mfereji wa pembeni na kule nyuma kwenye jengo la juu. Sehemu kubwa imetulia, sehemu ndogo imejaa. Jicho linapumzika kwenye bapa alafu likifika kwenye mfereji linashtuka, ndo hapo ukubwa unapoingia mwilini.

Sasa wewe fanya hivi. Ficha kila kitu, usifute, ficha tu, ubaki na umbo kubwa peke yake. Lipake jeusi tii mbele ya mandhari nyeupe uliangalie likiwa dogo kama la kwenye simu. Linatambulika? Mtu akikiona kivuli tu anajua mbele ni wapi na nyuma ni wapi? Kama jibu ni hapana basi gribuli milioni hazitakusaidia, rudi kwenye umbo, na najua inauma. Likikubali ndo urudishe vitu vya kati, madaraja ya uongozi, injini, milango ya karakana, na vidogo vije mwisho kabisa, tena kwa makundi na sio kunyunyiza kama chumvi.

Na kila kundi lijue linafanya kazi gani. Hapa ndo mi napapenda kuliko sehemu nyingine yoyote. Matt Jefferies, aliyechora chombo cha Enterprise cha tamthilia ya Star Trek ya miaka ya 1960, alikuwa mtu wa ndege, rubani, na yeye aliamua ngozi ya nje iwe laini kwa sababu ya akili ya kawaida ya fundi, kwamba mashine ikiharibika hakuna anayetaka kutoka nje angani kuitengeneza, basi iwekwe ndani. Modeli yake ya mita 3.4 iko mpaka leo kwenye jumba la makumbusho ya ndege na anga huko Washington, na ni laini, na hakuna anayesema ni kichezeo. Kwa hiyo wingi wa vitu sio sheria. Sheria ni sababu.

Ukikosa sababu nenda kaangalie vya kweli. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina upana wa mita 109 na kila kitu unachokiona pale kina kazi, NASA, shirika la anga la Marekani, wenyewe wameweka modeli zao za kidijitali mtandaoni bure, pakua uzunguke nacho. Utaona vile vibao virefu vyeupe vilivyokunjwa kama akodiani, watu wengi wanadhani ni sola, hapana, vinatoa joto. Angani hakuna hewa ya kupooza injini, joto lazima litoke kwa mionzi tu, ndo maana vibao ni vikubwa. Chombo chako cha mita 1200 chenye injini sita sikuona hata kibao kimoja, joto lote linaenda wapi? Weka vibao vikubwa viwili pembeni, utapata umbo jipya na sababu kwa mpigo mmoja.

Jambo la mwisho kwako, ncha zako karibu zote ni kali kama wembe. Kitu cha kweli hata kikiwa chuma kina ukingo uliolainika kidogo na ule ukingo unashika mwanga, bila huo mwanga bati linaonekana karatasi. Weka beveli, yaani huo mlainisho wa ukingo, ndogo sana, ila kwanza bonyeza Ctrl+A uchague Scale ili vipimo vya umbo vikubaliwe, la sivyo beveli itatoka nene upande huu nyembamba upande ule, nimeona kwenye picha ya tatu imekutokea. Na ile sehemu ya nyuma kukatika ukiwa unakizungusha sio ugonjwa wa kompyuta, Blender kwa kawaida inaonyesha mwisho mita 1000 na chombo chako kimezidi, fungua paneli ya pembeni kwa N, sehemu ya View, ongeza ile End.

SWALI: Kaka habari za kazi. Niko Kisumu, natumia laptopu ya ramu GB 8, kila chombo changu kikianza kupendeza mashine inaganda. Juzi stima ikapotea katikati ya kurenda video, usiku mzima ukaenda bure. Ninunue mashine mpya?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Nzuri ndugu yangu, pole na huo usiku. Mashine mpya ngoja kwanza.

Anza na vitu vidogo kama misumari ya kwenye mabati ya chombo. Silinda ya kawaida ya Blender inakuja na pande 32, ukijumlisha juu na chini ni nyuso 34, ukibandika misumari 20,000 hizo ni nyuso 680,000 na bado hujaweka beveli, wakati msumari wenyewe kwenye picha ni pikseli mbili. Tumia pande 8 au 6, hakuna atakayejua. La pili, kitu kinachojirudia usikikopi kwa Shift+D, hiyo inatengeneza umbo jipya kila mara, kopi kwa Alt+D, hapo kopi zote zinatumia umbo moja kwenye memori na ukirekebisha moja zote zinafuata. Mizinga 400 inakuwa na uzito wa mmoja. La tatu ni tekscha, yaani picha zinazovikwa juu ya umbo, moja ya pikseli 4096 kwa 4096 ikishafunguliwa inakula kama MB 64 hata kama faili lake kwenye diski ni dogo, weka 20 uone zaidi ya GB 1 imekwenda. Kwa vitu vya mbali 1024 inatosha kabisa.

Kuhusu stima, usirende video moja kwa moja kuwa faili la video. Renda picha moja moja za PNG, stima ikipotea kwenye picha ya 300 una 299 mkononi, unaendelea ulipoishia, ukimaliza ndo unaziunga kuwa video. Na sevu kwa namba, chombo01, chombo02, usiandike juu ya ile ya jana, kwa sababu faili likisevika vibaya wakati umeme unakatika utalia.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa kijana wa miaka 16. Kila usiku yuko kwenye kompyuta anatengeneza vyombo vya kuruka ambavyo havipo duniani. Shuleni anafanya vizuri, sikatai, lakini naogopa. Hii kitu ina faida gani?
Mama, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Hofu yako naielewa, na vizuri umeuliza kabla ya kumzimia kompyuta.

Programu anayotumia, kama ni Blender, ni ya bure, ilianzia Uholanzi, na mwaka 2002 watu mtandaoni walichanga euro 100,000 ili iachiwe kwa kila mtu duniani. Mwaka 2025 filamu ya katuni ya Flow ya kutoka Latvia, nchi ndogo tu, ilichukua Oscar, na imetengenezwa kwa programu hiyo hiyo anayoifungua mwanao hapo sebuleni. Na ule ufundi wa kupima, kuunganisha, kujua mwanga unapiga wapi, ndo huo huo wanaoutumia wachoraji wa majengo na wabunifu wa mashine. Simaanishi asilale, alale, muwekee saa ya kuzima na aiheshimu.

Ila mama nakuomba kitu kimoja. Leo jioni vuta kiti ukae pembeni yake umwambie akutembeze kwenye hicho chombo. Muulize watu wanaingilia mlango gani, wanalala wapi, chakula kinapikiwa wapi, moto ukitokea wanakimbilia wapi. Maswali ya mwenye nyumba tu. Akikosa jibu la jiko liko wapi usishangae ukimkuta kesho anabomoa upande mzima wa kushoto.