Valvu ya chuma au ya tishu kwa mama anayesafishwa damu

Pole kwa kuuguza, mkuu. Mama yako wa miaka 63, figo zimefeli na anasafishwa damu kwa mashine, na sasa unauliza awekewe valvu (mlango wa moyo) gani, ya chuma au ya tishu ya ng'ombe.

Zamani jibu lilikuwa chuma. Mwongozo wa Marekani wa 1998 ulisema hivyo, kwa hofu kwamba figo zikifeli, tishu hujaa chokaa haraka. Toleo la 2006 likaliondoa pendekezo hilo, maana tafiti hazikuonyesha kuwa wenye chuma wanaishi zaidi.

Shida ya chuma ni kunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote. Mgonjwa wa figo tayari anavuja damu kirahisi, na kwenye mashine huongezewa heparini, nayo ya kuzuia damu kuganda. INR, kipimo cha jinsi damu inavyoganda, nayo haitulii: leo kala matembele mengi, kesho hana hamu ya kula, namba inaruka. Ulizia kama kipimo hicho kinapatikana hapo Kigoma wakati wote.

Kwa umri wake ningeegemea tishu, isipokuwa kama tayari anatumia warfarini kwa sababu nyingine. Daktari wake wa figo akae na wa moyo kabla ya kuamua. Na dagaa apunguze (najua, Kigoma hiyo ni adhabu), wana fosforasi nyingi.