Mwenyekiti, usimdai mtu mbele za watu

Ukichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, utapigiwa vigelegele, na kesho yake alfajiri simu zitaanza. Mmoja mtoto kalazwa. Mwingine mume kachukua hela ya rejesho. Wa tatu anataka kujua kwa nini fulani alipewa mkopo kabla yake. Nimekiongoza kikundi chetu huku Mbagala kwa mizunguko kadhaa sasa, na wanaonitumia ujumbe wakiuliza "dada, unawezaje?" wamekuwa wengi, ndiyo maana naandika. Habari ya katiba na fomu sitaigusa sana, maana hiyo afisa maendeleo ya jamii wa kata yako atakusaidia, na ni kazi yake. Nataka kuzungumzia namna ya kumdai mtu bila kumvunja, na bila kuwaumiza wenzake ambao nao hela zao zimo humohumo.

Kwa asiyejua mambo yetu: tunakutana kila wiki, kila mwanachama ananunua hisa kuanzia moja hadi tano, na kila hisa inagongwa muhuri kwenye kijitabu chake. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako. Pembeni kuna mfuko wa jamii, mchango mdogo ulio sawa kwa wote, wa msiba na ugonjwa. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo wanachama watatu ambao si viongozi. Mwisho wa mzunguko tunagawana kila mtu na chake, na faida yake. Utaratibu wa namna hii shirika la CARE liliuanza na wanawake wa Niger mwaka 1991, ukasambaa mpaka kwetu, na mimi naamini aliyeufikiria aliwajua binadamu vizuri. Muhuri upo kwa sababu si kila mama anajua kusoma, na hatakiwi kumpa jirani kijitabu chake amsomee. Kufuli tatu zipo kwa sababu hata mtu mwema, siku ada ya shule inapodaiwa, asiachwe peke yake na hela za watu.

Kitu ninachokipenda zaidi ni kukariri salio. Kabla sanduku halijafungwa, katibu anatangaza kiasi kilichobaki kwenye mfuko wa mikopo na kwenye mfuko wa jamii, na sote tunakirudia kwa sauti. Wiki inayofuata, kabla ya kufungua, anaulizwa mtu yeyote. Kuna bibi mmoja kwetu, hajui kusoma, anakaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, na hajawahi kukosea hata shilingi mia. Viongozi tunamwogopa huyo kuliko mkaguzi.

Basi ushauri wangu mkubwa ndio huu: hela ya kikundi izungumzwe mbele ya wote, shida ya mtu izungumzwe kando. Vikoba vingi vinafanya kinyume. Hesabu wanazijua watu watatu wanaonong'ona kwa mweka hazina, lakini orodha ya "wadaiwa sugu" imebandikwa kwenye grupu la WhatsApp, na picha juu. Nimeshuhudia kikundi cha mtaa wa pili kikibeba godoro la mwanachama saa sita mchana, watoto wake wamesimama mlangoni. Godoro kuukuu utaliuza shilingi ngapi? Halikufikia hata robo ya deni. Yule mama alihama mtaa na deni lililobaki likahama naye. Aibu haijawahi kulipa rejesho, na mtu akishaaibika hana tena sababu ya kuja mkutanoni.

Kwetu kuna dada anayekaanga samaki jioni kando ya barabara. Alikuwa mtu wa kulipa kabla ya siku. Ghafla marejesho yakakatika, wiki moja, mbili, halafu akaanza kutuma hisa moja kwa mkono wa jirani bila kuja mwenyewe. Hiyo dalili uijue: mwenye shida haachi kikundi siku moja, huanza kukwepa macho.

Nilimfuata asubuhi, wakati anasafisha vibua kwenye beseni, kabla wateja hawajaanza. Sikwenda na katibu wala mweka hazina. Viongozi wawili wakisimama mlangoni kwa mtu, mtaa mzima umeshajua. Daftari nililiacha nyumbani. Nikanunua samaki watatu na nikalipa, japo alisema "chukua tu, mama mwenyekiti". Hapo uwe mkali na nafsi yako: usipokee kitu cha bure kwa mtu mnayemdai, hata kitunguu. Leo ni samaki, kesho utashindwa kumwambia ukweli, na keshokutwa wenzake watasema mwenyekiti kalishwa.

Nikavuta ndoo, nikakaa. Nikamuuliza biashara inaendaje, bei ya mafuta, watoto. Alijibu yote hayo bila kuinua uso. Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu, hasa kwa sisi tuliozoea kuongoza vikao, lakini ukiongea wewe, yeye atakujibu lile unalotaka kusikia. Akaendelea kutoa matumbo ya samaki, akaosha mikono, akaifuta kwenye kanga, ndipo akasema: "Dada, mimi nimeingia kausha damu."

Waliowahi kuchukua mikopo hiyo wanajua. Unapewa haraka bila maswali, unarudisha kila siku, na ukikosa siku moja wanakuja. Mwanawe alilazwa, akakopa huko usiku uleule, na toka hapo faida yote ya samaki ilikwenda kwao, mpaka hela ya rejesho letu.

Viongozi wenye roho nzuri huharibia papo hapo. Machozi yanakulenga, unasema "usijali, mdogo wangu, nitaongea nao." Unaahidi kwa hela ya nani? Kwenye lile sanduku kuna hela ya bibi wa kigodani na ya kijana wa bodaboda anayejinyima. Ukimsamehe mmoja kimyakimya umewatoza wengine bila kuwauliza, na hilo halina jina zuri. Kwa hiyo sikumwahidi kitu. Nilimweleza mambo yaliyo kwenye katiba: gharama za hospitali angeweza kuombea msaada mfuko wa jamii, muda wa rejesho unaweza kuongezwa, lakini anayeongeza ni mkutano, mimi siwezi. Halafu nikamuuliza anataka wenzake wajue kiasi gani. Akachagua niseme "dharura ya familia" basi. Hilo la kausha damu akaniomba libaki pale kwenye beseni.

Mkutanoni nilisema hivyohivyo. Mama mmoja akasimama, hata hakungoja nimalize: "Mimi mwaka jana nilifiwa, nikalipa faini zote za kuchelewesha. Mbona yeye abembelezwe?"

Kimya. Na kusema kweli, alikuwa na haki. Wanaoandika kuhusu uongozi wa huruma mara nyingi hawamtaji mtu huyu: aliyeumia kabla yake na akalipa bila kulalamika. Ukimwambia "kuwa na utu, mama", unamtukana mara mbili. Nikamwachia nafasi aseme yote, akataja tarehe na shilingi. Baada ya mabishano marefu mkutano ukaamua kwamba mwenye ugonjwa au msiba wa nyumbani ataongezewa muda kwa kiwango kimoja kwa kila mtu, ila faini itabaki. Ikaandikwa kwenye katiba, tukasaini. Yule mama tuliafikiana lakini hakufurahi. Mpaka leo nikitamka neno "dharura" ananitazama kwa jicho la pembeni, na sioni kama ana wajibu wa kuacha. Dada wa samaki alimaliza deni kwa kuchelewa, na siku ya kugawana alipata kidogo kuliko wengi, kwa kuwa miezi ile alinunua hisa mojamoja. Kanuni haikumpendelea. Ilimwacha tu abaki.

Jambo la pili ni ndugu. Wifi yangu aliwahi kuomba mkopo bila mdhamini, kwa hesabu kwamba kiti ninakikalia mimi. Nilimkabidhi makamu kuongoza kipengele hicho, nikatoka nje kabisa, nikasimama kwenye mwembe mpaka walipomaliza. Usibaki ndani ukisema "mimi sichangii hoja", maana uso wako unachangia. Walimkatalia. Nyumbani kwa mume wangu nilionja baridi kwa muda mrefu, na mama mkwe aliniuliza kama hicho kikoba ndicho kitakachonizika. Sina dawa ya hilo. Ukitaka uongozi usiogusa ukoo wako, kaongoze mtaa ambao huna ndugu.

Mengine nayataja harakaharaka. Mwenyekiti akichelewa, alipe faini wa kwanza na alipe noti ikionekana. Kwenye foleni ya mikopo kaa mwisho, hata kama kanuni hazikulazimishi. Mama mwenye mtoto mchanga asikae nje juani eti mtoto atasumbua kikao, asumbue. Kama kikundi chenu kimehamishia hela kwenye simu, hakikisheni hakuna mtu mmoja anayeweza kutoa peke yake, kwa sababu ileile ya kufuli tatu, na salio lisomwe kwa sauti, kwani bibi yetu hana simu ya kupangusa.

Sajilini kikundi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vyetu vimewekwa daraja la nne la watoa huduma hizo na usajili unapitia halmashauri. Wengi wanaona ni usumbufu. Mimi naona ni kinga ya kiongozi: siku ya ugomvi kuna katiba iliyopigwa muhuri na kuna ofisi ya kupeleka shauri, wala hutabaki kupigana kwa maneno na watu unaokutana nao bombani kila asubuhi.

Na msiba. Mwanachama akifariki akiwa na mkopo, daftari lisikanyage matangani. Nendeni mkapike, mkachote maji, mkatoe ubani kutoka mfuko wa jamii kama kwa mtu yeyote. Subirini matanga yaanuliwe. Kisha mwenyekiti na mtu mmoja anayeheshimiwa na familia wakae na mrithi, kijitabu kikiwa wazi: hisa hizi hapa, deni hili hapa, linafidiwa hivi, kinachobaki ni chenu. Kwetu iliwahi kubaki hela ambayo mume wa marehemu hakujua kama ipo. Alihesabu, akahesabu tena, akaomba tumwandikie karatasi watoto wake wakubwa waje waone mama yao aliweka nini. Tulimwandikia, bibi wa kigodani akaweka dole gumba kama shahidi.

Uchaguzi wetu ni baada ya kugawana, na safari hii sigombei. Makabidhiano nimeshayapanga: katiba, leja, mihuri miwili, wino, kalkuleta, orodha ya wadhamini, nakala ya cheti cha usajili. Mambo niliyoambiwa kando, kwenye mabeseni na vibarazani, hayamo kwenye orodha hiyo. Mwenyekiti mpya akitaka kujua kwa nini mtu fulani aliongezewa muda, akamwulize mwenyewe, na aende bila daftari.