Oksijeni 4.8 na 5.2: mto mmoja, hukumu mbili

SWALI: Assalaam aleikum mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa mazingira, nipo Pemba. Nimepima mto unaopita pembeni mwa bonde la mpunga, sehemu mbili. Juu, oksijeni iliyoyeyuka ni miligramu 5.2 kwa lita. Chini ni 4.8, na tope ni NTU 40 (kipimo cha ukungu wa maji). Kikomo nilichopewa ni 5, kwa hiyo jedwali langu linasema juu panafaa, chini hapafai, ingawa kwa macho naona maji ni yale yale. Mwalimu kanambia nijaribu mantiki ya fazi. Inafanyaje kazi, na itanambia kama maji haya yanafaa kunywa?

JIBU: Wa aleikum salaam. Mashaka yako ni ya haki kabisa. Tofauti ya 0.4 inaweza kuletwa na saa tu: oksijeni ya mtoni hushuka alfajiri na hupanda mchana mimea inapopata jua. Jedwali halijui hayo, linakata tu.

Mantiki ya fazi, iliyoasisiwa na Lotfi Zadeh mwaka 1965, inakubali kitu kiwe ndani ya makundi mawili kwa pamoja, kila moja kwa kiasi chake, kuanzia 0 hadi 1. Tuseme oksijeni ni “ndogo” kikamilifu kwenye 3 kushuka chini, na udogo huo unapungua hadi kwisha kwenye 5. “Wastani” inaanzia 3, inafika kilele kwenye 5, inakwisha kwenye 7. “Nzuri” inaanzia 5 na kukamilika kwenye 7. Basi 4.8 yako ni wastani kwa 0.9 na ndogo kwa 0.1, na 5.2 ni wastani kwa 0.9 na nzuri kwa 0.1. Unaona? Sehemu zako mbili ni karibu sawa, kama macho yako yalivyokwambia.

Tope nalo ligawe: “kidogo” hadi NTU 10, “jingi” kuanzia 50, katikati linapanda taratibu. Hiyo 40 inakuwa jingi kwa 0.75 na kidogo kwa 0.25. Sasa zinakuja kanuni za “ikiwa”. Ikiwa oksijeni ni wastani na tope ni jingi, maji ni duni: chukua kiasi kilicho kidogo kati ya 0.9 na 0.75, yaani 0.75. Oksijeni wastani na tope kidogo, maji ni ya wastani: 0.25. Oksijeni ndogo na tope jingi, maji ni mabaya: 0.1. Oksijeni ndogo na tope kidogo ni duni pia, lakini ile 0.75 imeshaipita. Ukiyapa mabaya alama 10, duni 35 na wastani 60, ukazidisha kila alama kwa kiasi chake, ukajumlisha na kugawa kwa 1.1 (jumla ya viasi hivyo), unapata kama 38 kati ya 100 kwa sehemu ya chini. Hii ni njia ya mkato. Mfumo kamili wa Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania aliyeutumia London miaka ya 1970 kuendesha mtambo wa mvuke, hutafuta kitovu cha eneo la maumbo ya makundi hayo yakichorwa kwenye grafu. Excel inatosha kuanzia.

Kuhusu kunywa, hapa nakusihi sana. Usiitie E. koli (bakteria wa kinyesi) kwenye mchanganyiko huu. Shirika la Afya Duniani linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa, na hapo hakuna “kwa kiasi”. Oksijeni nzuri ikiachiwa kufidia bakteria wa kinyesi, utaipa kijiji alama ya kupendeza na watoto wataharisha. Kipimo hicho kiwe mlango wa mwanzo: akionekana, maji hayanyweki bila kutibiwa, alama iwe ngapi iwayo.

Jengine: mito ya Pemba ni mifupi. Kama sehemu yako ya chini iko karibu na mikoko, maji ya bahari hupanda wakati wa kujaa, hasa bamvua, na maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi. Pima na chumvi, andika saa na hali ya maji, kujaa au kupwa. Bila hivyo utaulaumu mpunga kwa kosa la bahari.

Na mipaka niliyokupa, 3, 5, 7, 10 na 50, ni ya mfano tu. Yako iweke pamoja na wakulima wa bonde hilo na mwalimu wako, kisha ichapishe yote ndani ya ripoti pamoja na kanuni, ili anayepinga alama yako ajue apinge wapi.