Shangazi, mke wangu amenidhalilisha kwa sababu ya pikapu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, naishi Tanga, nina mke na watoto watatu. Nimepata pikapu, Hilux ya mwaka 1986, mwenyewe anataka milioni nne. Ina kutu kidogo na imepaki miaka michache tu, lakini ni gari la kazi, zamani ilibeba samaki kutoka Pangani, na mpaka leo ina namba yake ileile ya TZ. Nataka kuifufua. Fundi amesema kwa milioni mbili inasimama, kisha nitabeba machungwa ya Muheza. Mke wangu hataki kusikia. Nilimpeleka akaione, akatoa sumaku kwenye mkoba akaanza kuibandika kwenye milango, mafundi wakacheka. Nilidhalilika sana. Nikamnyang'anya ile sumaku nikaitupa majanini. Tangu siku hiyo hatuongei vizuri. Pesa ipo, ni ya kikoba chake, wanagawana mwezi ujao, na mimi nimeshatanguliza laki tano. Je, mke asiyeunga mkono ndoto ya mumewe ni mke kweli?*
*Baba Watatu, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuchekwa. Kuchekwa mbele ya wanaume wenzako kunauma, hilo silibishi. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma namwona mkeo ndiye mwenye akili humo ndani.

Tuanze na namba. Unasema imepaki miaka michache tu. Namba za TZ zilianza kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikaja hizi za T na tarakimu tatu. Magari yaliyokuwa yakitembea yalibadilishwa. Lililobaki na TZ mpaka leo halikuwa barabarani, na hiyo si miaka michache, ni zaidi ya ishirini. Ama muuzaji amekudanganya, ama wewe unanidanganya mimi. Njia ya mwongo ni fupi. Na kadi ya gari iko wapi? Umetaja samaki, umetaja machungwa, kadi hukuitaja hata mara moja. Kama haipo, au ina jina la marehemu ambaye warithi wake hawajakaa kikao, utaipaka rangi, utaifunga matairi mapya, halafu ukifika TRA kuandikisha jina lako utarudi nyumbani na karatasi zako mkononi.

Kisha hiyo "kutu kidogo". Pikapu iliyobeba samaki wa Pangani! Wewe umeliandika hilo kama sifa. Maji ya samaki yana chumvi, na barafu ikiyeyuka yanachuruzika kwenye bodi, yanapita kwenye matundu ya boliti, yanashuka mpaka kwenye chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, na kutuama humo. Halafu gari likalala Tanga, na upepo wetu wa bahari unaujua. Kutu unayoiona kwenye mlango ni salamu tu, mwenyewe yuko chini.

Sasa nikueleze mkeo alikuwa akifanya nini na sumaku. Bati likishaliwa, fundi mvivu hakati palipooza akachomelea jipya. Anajaza puti, anapiga msasa, anapuliza rangi, panang'aa. Jicho halioni kitu. Lakini sumaku inashika chuma, na ikifika penye puti nene inateleza na kuanguka. Umeandika kwamba mafundi walicheka. Hukuandika kama sumaku ilishika au ilianguka. Mtu aliyeandika barua ndefu namna hii akaliruka jambo hilo, jibu analijua. Ilianguka. Na mimi siamini kwamba mafundi walikucheka wewe. Walimcheka mwenye gari, kwa kuwa mwanamke mwenye mkoba amemkamata mchana kweupe.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Marehemu mume wangu alinunua Land Rover 109 mwaka 1991, tukiwa Korogwe. Bodi za Land Rover zile ni alumini, haziliwi na kutu, ukizipangusa zinapendeza, nasi tukapendezwa. Chesisi yake lakini ni chuma, na maji na tope viliingia ndani yake vikaila kutoka ndani kuja nje. Siku fundi alipopita akiigonga kwa nyundo, mbele ililia ngi, ngi, ngi. Alipofika nyuma, pale zinaposhikia springi, sauti ikabadilika, ikawa kama anagonga gogo bovu. Akachukua bisibisi, akaisukuma kwa kiganja, ikazama mpaka kwenye mpini. Nilikuwa nimesimama hapo, mtoto mgongoni. Fedha ya matofali ya nyumba yetu ilikuwa imeshaingia kwenye gari lile. Fundi akatuahidi "wiki ijayo" kwa miaka miwili, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva, mwisho likauzwa kama chuma chakavu. Mimi nilikuwa na wasiwasi tangu siku ya kwanza, nikanyamaza, kwa kuwa nilifundwa kwamba mke mwema hampingi mumewe. Kunyamaza kule ndiko ninakokujutia mpaka leo. Gari nilishalisahau.

Kwa hiyo usiniambie kuhusu milioni mbili za fundi wako. Matairi manne, betri, breki, nyaya zilizotafunwa na panya, injini ambayo hakuna aliyeisikia ikiwaka kwa miaka ishirini, bati, kuchomelea, rangi. Fundi anayekutajia bei ya yote hayo kabla hajalala chini ya gari anakutajia bei ya kukuingiza gereji. Ukishaingia, utatoka lini?

Halafu umeandika: "Pesa ipo, ni ya kikoba chake." Umeipitisha sentensi hiyo upesi, mwisho kabisa wa barua, na mimi hapo ndipo niliposimama. Haipo, mwanangu. Iko kwake. Mkeo amenunua hisa wiki baada ya wiki, siku nyingine pengine kwa fedha ya kitenge alichokitamani akakiacha dukani. Kama wewe ni Mwislamu, dini yako inakwambia mali ya mke ni ya mke. Na hata kama si Mwislamu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake sawa na mwanamume. Je, anajua kuhusu ile laki tano? Hukusema. Basi hajui.

Unaniuliza kama mke asiyeunga mkono ndoto ya mumewe ni mke kweli. Neno hili "ndoto" limeingia kwenye ndoa za siku hizi na linazivunja. Barua ninazopokea zimejaa ndoto. Mwanamume ana ndoto, anachukua mikopo ya kausha damu, anaficha karatasi chini ya godoro, wakopeshaji wakija kubeba friji ndipo mke anajua kwamba kumbe aliolewa na ndoto. Akiuliza, ana mdomo. Akikataa, hana mapenzi. Wanawake nao wapo wanaofanya hivyohivyo, sijawasahau. Wazee wetu wa pwani waliokuwa wakiunda majahazi walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeunda alikagua kila ubao kabla hajaugongelea msumari. Kukagua hakujawahi kuwa dharau. Mkeo amekagua ubao wa jahazi mnalotaka kupanda nyote, na wanenu watatu wamo ndani.

Jibu langu: usiinunue. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na pikapu hiyo imekutafuta wewe baada ya kukataliwa na Tanga nzima.

Sichukii magari ya zamani. Hilux za miaka ile ni ngumu, na spea zake utazipata hata wilayani. Lakini kama kweli unachotaka ni machungwa, machungwa hayakungoji umalize kuchomelea. Msimu ukifika Muheza, kodi kirikuu ya mtu, vile vipikapu vidogo. Lipa kwa tripu, peleka mzigo sokoni, andika kwenye daftari umenunua kwa ngapi, umeuza kwa ngapi, mangapi yameoza njiani. Fanya msimu mmoja. Ukipata faida, tafuta pikapu inayotembea, yenye kadi, ambayo chesisi yake inalia ngi kuanzia mbele mpaka nyuma, na uinunue kwa faida hiyo. Kama baada ya msimu mmoja hutaki tena kuyaona machungwa, umeokoa milioni nne.

Leo usiku mwambie mkeo kuhusu laki tano, kabla hajaisikia kwa jirani. Mwombe radhi kwa kumpokonya kitu mkononi mbele za watu. Aliyedhalilishwa siku ile ni yeye. Kesho nenda naye kwa muuzaji mkaidai hela yenu, na yeye ndiye aongee. Mkirudishiwa nusu, pokeeni. Na mkiwa hukohuko, ingia majanini uitafute ile sumaku.