Mtaalamu wa Viungo Anajibu: Bega Lililokakamaa na Mkono wa Kulishika

SWALI: Nina miaka 52. Mwezi wa sita sasa bega langu la kushoto limekakamaa. Kuchana nywele ni shida, na kufikisha mkono mgongoni ndiyo kabisa siwezi. Kuna mama ananichua kwa nguvu hadi napiga kelele, ngozi inavilia damu. Anasema nisipoumia misuli haitafunguka. Wiki jana nilikwenda kwa fiziotherapia, yule kijana akanishika taratibu kama anayebembeleza mtoto. Niliona amenipotezea muda. Nimfuate nani? – Mama S.

JIBU: Pole sana, Mama S. Mfuate kijana. Na huyo anayekuvilisha damu, naomba umwambie aache leo.

Kabla sijaeleza sababu, fanya jambo moja. Kunja kiwiko cha mkono unaouma, kibane ubavuni, kisha jaribu kuupeleka mkono nje, mbali na tumbo. Ukigoma, mwombe mtu ausogeze polepole huku wewe umelegea. Ukienda kwa kusaidiwa, basi huenda shida iko kwenye misuli au kano. Ukigoma palepale hata kwa kusaidiwa, yaelekea ule utando unaozunguka kiungo cha bega umevimba na kusinyaa. Hilo tunaliita bega lililoganda. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wengine. Kwa hiyo kapime sukari hata kama hujisikii mgonjwa. Picha ya eksirei nayo inafaa, ili kuhakikisha hakuna kitu kingine ndani ya kiungo.

Sasa turudi kwenye mikono. Geoffrey Maitland, mtaalamu wa Australia, aliigawa kazi ya kusogeza viungo katika ngazi. Ya kwanza ni msogezo mdogo sana, mwanzoni mwa mwendo wa kiungo. Ya pili ni mpana zaidi, lakini haufiki kwenye ukinzani. Ya tatu na ya nne ndizo zinazoingia kwenye ukinzani wenyewe. Bega likiwa bado linauma sana, hasa usiku, tunabaki kwenye zile mbili za kwanza kwa sababu zinatuliza maumivu. Za juu zinasubiri maumivu yapungue na ubaki ukakamavu. Kijana hakukosa nguvu; alichagua ngazi.

Watu wengi hudhani mikono yetu inavunja mafundo au inarefusha nyama. Sehemu kubwa ya nafuu unayoisikia baada ya kushikwa vizuri inatoka kwenye mishipa ya fahamu: mguso na msogezo hupunguza taarifa za maumivu zinazopanda uti wa mgongo, na misuli iliyokuwa imejikaza kulinda kiungo inalegea. Ukiumizwa, inajikaza upya. Ndiyo maana baada ya kuchuliwa kwa nguvu bega linarudi baya zaidi.

Nafuu hiyo haikai. Ni ya saa chache, pengine siku mbili tatu, na hapo ndipo wagonjwa wengi wanapoipoteza: wanaondoka kitandani kwa mtaalamu, wanaketi, wanasubiri miadi ijayo. Mama yangu, tumia saa hizo. Inama ukiegemea meza kwa mkono mzima, uache unaouma uning’inie, uuyumbishe kidogo mbele na nyuma, kisha kwa mduara. Simama ukitazama ukuta, upandishe vidole hadi pale mkono unapovuta, siyo pale unapokuliza. Fanya kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Maumivu yakipanda kidogo na kurudi yalivyokuwa ndani ya saa 24, uko sawa. Yakivuka hapo, umezidisha, punguza.

Sitakudanganya kuhusu muda. Bega la namna hii huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea. Maumivu yakikunyima usingizi, muulize daktari kuhusu sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe ndani ya kiungo. Mara nyingi husaidia mapema, na mazoezi yanakuwa mepesi.

SWALI: Kinyozi wangu huigeuza shingo yangu ghafla ikalia “kwa!” Ni mfupa unaorudi mahali pake? – J.

JIBU: Hapana, J. Mlio ule unatokana na gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo, nafasi zinapofunguka ghafla. Hakuna mfupa uliohama. Shingoni inapita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, na kwa nadra mzunguko wa ghafla umeichana na kuleta kiharusi. Kinyozi akate nywele tu.

SWALI: Baba alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Kigimbi cha mguu mmoja kimevimba, kina joto na kinauma. Tumchue kwa mafuta gani? – Binti yake.

JIBU: Msimchue kabisa, wala kwa mafuta wala bila mafuta. Huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa, na kuisugua kunaweza kuibandua ikaenda mapafuni. Mpelekeni hospitali sasa hivi. Akianza kuhema kwa shida au kuumwa kifua, iteni gari la wagonjwa.