Usimwage midia: niliyojifunza nikitafuta vimeng'enya vya MMP kwa kingamwili

Miezi mitatu ya kwanza ya uzamili wangu niliitafuta MMP-9, mojawapo ya vimeng'enya hivyo, mahali ambapo haikuwepo. Nilikuwa nakuza kwenye midia, yaani majimaji ya virutubisho, seli za HT-1080, zile za saratani ya tishu unganishi ambazo maabara nyingi za fani hii huzitumia. Nazivuna, nazipasua kwa bafa, napakia protini kwenye jeli, nahamishia kwenye utando, naweka kingamwili inayoshika protini ninayoitafuta. Utando unatoka mweupe. Nikabadili kipimo cha kingamwili, katika kuziba utando nikaacha maziwa nikatumia albumini, nikalaza utando usiku kucha, mwisho nikaomba fedha ya kununua kingamwili nyingine. Fundi mkuu wa maabara, mzee aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, ndiye aliyeniuliza: "Mwanangu, ile midia unayoinyonya kabla ya kuvuna seli, unaipeleka wapi?"

Nilikuwa naimwaga kwenye chupa ya jiki. Kimeng'enya nilichokitafuta kilikuwa humo.

Wewe unayeanza leo, shika hilo kabla hujafungua katalogi yoyote. MMP ni vimeng'enya vyenye zinki vinavyokata kolajeni na nyuzi nyingine zinazoshikilia tishu. Binadamu ana 23, na vingi kati yake seli ikishavitengeneza huvitoa nje, kwa sababu kazi yake iko nje. Ndani ya seli hubaki kidogo sana. Wachache hukaa wamejishikiza kwenye utando wa seli, kama MMP-14, na huyo ndiye wa kumtafuta kwenye seli zilizopasuliwa. Ukitaka kuiona MMP-9 ndani ya seli kwa darubini, zuia kwanza njia ya kutokea kwa brefeldini A kwa saa chache, halafu ndipo utoboe seli na kuweka kingamwili.

Midia nayo ina mtego wake. Seramu ya ndama tunayolishia seli ina MMP-2 na MMP-9 zake yenyewe, na ina albumini tele. Albumini ina uzito wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 66 hivi, karibu kabisa na MMP-2. Nimewahi kumwona mwenzangu akifurahia mstari mnene, mweusi, uliokaa mahali palepale alipoutarajia. Alipopakia midia tupu ambayo haijawahi kugusa seli, mstari ukatokea uleule. Kwa hiyo osha seli mara mbili au tatu kwa PBS, yaani maji ya chumvi, ziache kwenye midia isiyo na seramu kwa saa 24, kusanya, zungusha kwenye sentrifyuji kuondoa seli zilizokufa, kisha punguza maji kwa chujio la kilodaltoni 10. Na siku zote weka kisima kimoja cha midia tupu. Aktini, protini ya ndani ya seli, usiitegemee hapa kama kipimo cha upakiaji, maana haitakiwi kuwemo kwenye midia. Ukiiona, seli zako zinapasuka. Hesabu seli zilizobaki kwenye sahani, na paka utando rangi ya Ponceau inayoonyesha protini zote.

Sasa tuje kwenye kingamwili yenyewe, na hapa nakuomba usome polepole. MMP hutoka kwenye seli ikiwa imelala. Kipande chake cha mbele kina sisteini (aina ya asidi amino) iliyoshika zinki, kama kizibo mdomoni mwa chupa. Kizibo kikikatwa, kimeng'enya kinaamka na kinapungua uzito. MMP-9 iliyolala ni kilodaltoni 92, iliyoamka ni kama 82. MMP-2 ni 72 ikilala, na 62 hadi 66 ikiamka. Kingamwili iliyotengenezwa kushika kile kipande cha mbele haiwezi kuiona iliyoamka hata ukeshe. Iliyotengenezwa kushika sehemu inayokata huona zote mbili. Iliyotengenezwa kushika mkia wa nyuma itakosa vipande vilivyopoteza mkia. Watu hununua kwa kuangalia bei na picha nzuri ya katalogi. Angalia kwanza imetengenezwa dhidi ya sehemu gani ya protini. Kama karatasi ya bidhaa haisemi, andikia wauzaji uulize, na wakikataa kusema, nunua kwingine. Huo ni msimamo wangu na sijaujutia.

Ukiona mstari kwenye 125 au 130, usiukimbilie kuuita uchafu. Kama hukuweka DTT, kemikali inayovunja vifungo vya sulfuri kati ya protini, huenda ni MMP-9 iliyoshikana na protini nyingine iitwayo NGAL, hasa sampuli ikiwa na nyutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Zaidi ya 200 huenda ni MMP-9 zilizoungana zenyewe kwa zenyewe. Na ukihamia kwenye seli za panya, usibebe namba za binadamu: MMP-9 ya panya iliyolala iko karibu na 105.

Pamoja na kingamwili, jifunze zaimografia ya jelatini. Ni rahisi, na kwa MMP-2 na MMP-9 ni shahidi mzuri wa pili. Unachanganya jelatini miligramu 1 kwa mililita ndani ya jeli yenyewe, unapakia sampuli bila kuichemsha na bila DTT, unaosha SDS, sabuni kali ya kwenye jeli, kwa Triton ambayo ni sabuni laini, unaacha jeli usiku kucha kwenye nyuzi 37 katika bafa yenye kalsiamu, kisha unapaka rangi ya Coomassie. Pale kimeng'enya kilipokula jelatini panabaki peupe kwenye bluu. Weka kipande kimoja cha jeli kwenye bafa yenye EDTA, kemikali inayonasa metali. Mistari ikipotea humo, una ushahidi kwamba ni vimeng'enya vinavyohitaji metali. Lakini usiandike kwamba umepima nguvu ya kimeng'enya mwilini. SDS hufungua hata MMP iliyolala ikaweza kula jelatini, na humtenganisha TIMP, yule mzuiaji ambaye mwilini huenda alikuwa ameifunga kabisa. Kosa hili nalikuta mara kwa mara kwenye rasimu za tasnifu, na linaniuma, kwa sababu kazi ya mikono huwa imefanywa vizuri. Hitimisho ndilo limezidi ushahidi.

Kuthibitisha kingamwili: mwaka 2016 kundi la kimataifa la wanasayansi lilipendekeza njia tano, na mbili zinawezekana hata kwenye maabara ndogo. Nyamazisha jeni kwa siRNA, vipande vifupi vya RNA, uone kama mstari unafifia. Au tumia kingamwili ya pili inayoshika sehemu nyingine ya protini ileile. Mimi naongeza na PMA, kemikali inayochochea seli: HT-1080 zikipewa PMA hutoa MMP-9 nyingi zaidi, na mstari usiobadilika baada ya hapo unautilia shaka.

Kwa wale wa damu, amueni mapema kati ya seramu na plazma. Damu ikiganda, nyutrofili huachia MMP-9, kwa hiyo seramu husoma juu. Usichanganye sampuli za aina mbili kwenye jedwali moja. Nawaambia hasa mnaofanyia kazi kifua kikuu, maana huku kwetu sampuli zipo na swali ni la kweli: mashimo ya mapafu hayachimbwi na bakteria peke yake, vimeng'enya vya mgonjwa mwenyewe vinashiriki, MMP-1 akiwa mbele. Panya wa kawaida wa maabara hana MMP-1 inayolingana sawasawa na yetu, ndiyo maana makohozi na seli za binadamu vina thamani kubwa hivyo.

Kuhifadhi: gawa kingamwili kwenye vichupa vidogo siku inapofika, usiigandishe na kuiyeyusha mara kwa mara. Zilizounganishwa na HRP, kimeng'enya kinachotoa ishara kwenye utando, ziache kwenye friji, zisigande, na zisikutane na azidi ya sodiamu, inaiua HRP. Umeme ukikatika usiku andika ni saa ngapi na friza ilifika nyuzi ngapi.

Andika pia namba ya loti, siyo ya katalogi tu. Kingamwili za polikloni, zile zinazotoka moja kwa moja kwenye damu ya mnyama, hubadilika kutoka sungura mmoja hadi mwingine. Loti ya zamani ikikaribia kuisha, bakiza mikrolita chache, upakie sampuli ileile mara mbili kwenye jeli moja, ukate utando katikati, nusu uipe loti ya zamani na nusu loti mpya, kabla hujaitumia hiyo mpya kwenye sampuli ya mgonjwa hata mmoja.